Atakayenimiminia Maji

Mwezi wa Nisanu, siku ya nne

Nimemtuma Narubtu udongo wa kuandikia, ule laini wa mferejini, si ule wenye mchanga aliouleta mwaka jana. "Mama, unamwandikia nani?" akaniuliza. Nikamwambia simwandikii mtu. Akanitazama kama anayetazama mbuzi juu ya paa. Hapa Sipari mtu huandika akiuza shamba au akinunua punda, basi. Lakini marehemu baba alikuwa mwandishi, akanifundisha kushika kalamu ya tete kabla hajanitoa kwa Shamashi, Mungu Jua, na siku hizi mikono yangu haina kazi nyingine. Nitaandika mpaka mavuno yaishe. Nikichoka nitavitia vibao maji, virudi kuwa matope, na hakuna atakayejua.

Nisanu, siku ya tano

Upepo wa kusini. Vumbi mpaka kwenye uji.

Nisanu, siku ya tisa

Ndugu yangu Eribamu amekuja. Ndiye mtu pekee wa damu yangu anayekumbuka kwamba bado nina pumzi. Ameleta mafuta ya ufuta na vitunguu, akaketi, akaisifia nyumba. "Kuta hizi, dada! Baba alijenga kweli." Narubtu alipomletea pombe hakumtazama usoni. "Kijakazi wako amenona," Eribamu akasema. Nikamkumbusha kwamba huyu si kijakazi tena. Akacheka. "Haya, mpwa wangu basi."

Nilimsikia Narubtu akiweka mtungi chini kwa kishindo. Hana adabu, yule. Mtu amekuja na mafuta mkononi!

Baada ya ndugu yangu kuondoka nilikaa nikimwangalia msichana akisaga. Nilimnunua akiwa bado na meno ya utoto. Sisi wanawake wa ua wa hekalu la Shamashi hatuzai, tumekatazwa, kwa hiyo anayezeeka humu hujitafutia mtoto kwa njia ya sheria. Mwaka juzi nilimpeleka lango la hekalu, nikampangusa paji la uso, nikamgeuza atazame mawio ya jua, akawa huru na akawa mwanangu. Atanilisha na kunivika maadamu ninaishi, haruhusiwi kwenda popote. Nikifa atanimiminia maji na kulitaja jina langu, na nyumba itakuwa yake. Baba aliniachia ruhusa ya kumpa nimpendaye.

Kuna mawili tu ya kuyavunja hayo. Narubtu akisema mbele ya mashahidi, "Wewe si mama yangu," ananyolewa kichwa na kurudi utumwani, na mimi nisipokuwepo tena, nyumba inarudi kwa Eribamu. Mimi nikisema mbele ya mashahidi, "Wewe si mwanangu," yeye anatoka huru, na nyumba na vyote vilivyomo ni vyake siku hiyo hiyo. Ndivyo tulivyoapa. Anayevunja ndiye anayepata hasara.

Nisanu, siku ya mwisho

Mwezi umekufa leo. Tumemimina maji na kumega mkate kwa ajili ya wafu wangu. Narubtu ndiye aliyetaja majina, ili azoee. "Puzur-Mamu, kunywa maji. Shima-Ahati, kunywa maji." Kisha akakwama. Bibi yangu! Kila mwezi anamsahau bibi yangu.

"Kunutu," nikamwambia. "Ku-nu-tu. Utamwacha mama wa watu na kiu huko chini ale vumbi?"

"Samahani, Mama. Kunutu, kunywa maji."

Alilitaja kama anayeita kuku. Nikaenda kulala nikiwaza: anayemsahau Kunutu atanisahau na mimi.

Ayaru, siku ya tatu

Mto umejaa. Wanaume wote wako kwenye kingo za mifereji na majembe. Asiyeziba upande wake, maji yakaingia shamba la jirani, atalipa nafaka ya jirani, hata kama itabidi auzwe yeye. Basi mwaka huu hakuna aliyelala.

Ayaru, siku ya nne

Kingo zimeshika.

Ayaru, siku ya saba

Shayiri imeanza kuvunwa kwenye shamba langu, na Narubtu ndiye anayewapelekea wavunaji mkate. Leo amerudi jua likiwa limelala kabisa. Uji wangu nimeunywa baridi. Nikaona pindo la nguo yake lina doa jeusi.

"Nini hiyo?"

"Matope."

"Matope hayanuki hivyo. Hiyo lami."

Shambani hakuna lami. Lami iko gatini, kwa mafundi wanaoziba mashua. Ribatu, jirani yangu, ambaye masikio yake yako juu ya ukuta siku zote, akapaza sauti upande wa pili: "Shoga, muulize hiyo lami ina jina gani!"

Ina jina. Inaitwa Ipkatu, kijana wa Dilbati, kule chini ya mto, aliyekuja kupaka mashua za mavuno. Narubtu mwenyewe ndiye aliyesema, tena akitabasamu, mjinga yule. Anatabasamu mbele yangu! Nikamwambia kesho mkate utapelekwa na mtu mwingine.

Ayaru, siku ya nane

Hakuna mtu mwingine. Ameupeleka yeye.

Ayaru, siku ya kumi na mbili

Ameniomba. Alipiga magoti, akanishika pindo la nguo kama mtu anayemwomba mfalme. Ipkatu anataka kumwoa na kwenda naye Dilbati mavuno yakiisha. "Nitakuja kila mwezi, Mama. Mashua zinapanda na kushuka."

"Mashua zinapanda kwa kuvutwa na watu wenye kamba mabegani," nikamwambia. "Utakuja mara moja, utakuja mara ya pili, ya tatu utakuwa na mimba na ya nne utanisahau. Ulikubali kukaa maadamu ninaishi."

"Nilikuwa mtumwa wako. Ningekataa nini?"

Nikamwambia unga umepungua, akasage.

Ayaru, siku ya kumi na tatu

Hatujasemezana.

Ayaru, siku ya kumi na nne

Hatujasemezana. Amepika dengu bila chumvi. Nimezila zote nisimpe raha ya kuniona nimekasirika.

Ayaru, siku ya kumi na saba

Eribamu amekuja tena na kikapu cha tende. Nikamweleza yote. Nani mwingine nimweleze? Akanisikiliza vizuri sana, kichwa ameinamisha. "Damu nzito kuliko maji, dada," akasema. "Huyu umemtoa sokoni. Mimi ndiye niliyelala tumbo moja na wewe." Kisha akauliza, kama utani, "Hajakukana bado? Hata kwa hasira?"

Nikasema hapana. Akanipigapiga mkono. Nilipata faraja kubwa, nakiri, maana ni muda mrefu hakuna aliyenishika mkono.

Ayaru, siku ya ishirini na mbili

Leo ndiyo naweza kushika tete. Homa ilinipiga, homa ya mafuriko. Sikumbuki mengi. Nakumbuka kitambaa cha maji kwenye paji la uso, na mtu akininyanyua kichwa ninywe, na sauti ikisema, "Kunywa kidogo tu, Mama, kidogo." Nilipofumbua macho vizuri nikamwona Narubtu amesinzia akiwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala utotoni.

Ribatu ananiambia kwamba Ipkatu alikuja mpaka lango la ua kumwulizia, naye hakutoka. Eribamu pia aliitwa. Alituma mtu aulize kama nimekufa.

Ribatu aliniambia hilo kwa kicheko. Mimi sikucheka.

Ayaru, siku ya mwisho

Tumewamiminia wafu maji. Amemsahau Kunutu. Safari hii sikumgombeza, na yeye akashangaa.

Simanu, siku ya pili

Joto. Nzi.

Simanu, siku ya sita

Ribatu amekuja mwenyewe, kwa mlango, si kwa ukuta, nikajua kuna jambo.

"Shoga," akasema, "kaka yako ameniita pembeni. Anataka niwe shahidi."

"Wa nini?"

"Siku ya chakula cha kumaliza mavuno atakuja hapa na wanaume wawili wa mjini. Atamchokoza huyo binti mpaka alitamke lile neno. Binti ana ulimi mwepesi, na wewe unajua moyo wake uko wapi siku hizi. Akilitamka tu, yamekwisha. Ukifa, nyumba inarudi kwake." Akashusha pumzi. "Kaniahidi kitambaa cha sufu. Nimekataa, lakini ujue kilikuwa kizuri."

Nikafikiri juu ya mafuta ya ufuta, vitunguu, tende, mkono ulionipigapiga. Kikulacho ki nguoni mwako. Baba alituweka kwenye magoti yake sote wawili.

Ribatu akainama karibu. "Sasa sikiliza. Na wewe una faida yako humo. Akisharudi utumwani hakuna atakayekulazimisha umuuze. Utabaki naye. Mtumwa haombi ruhusa ya kwenda Dilbati. Nyamaza tu, acha kaka yako afanye kazi chafu."

Nikamwambia aende nyumbani kwake.

Simanu, siku ya saba

Sikulala. Nitaandika kweli, maana udongo huu hautasomwa na mtu. Ribatu ana haki. Nikinyamaza, sitafanya kosa lolote mbele ya hakimu yeyote. Msichana atabaki. Atasaga, atapika, ataninyanyua kichwa nikiwa na homa. Nitamsikia akitembea uani asubuhi. Nyumba hii ilivyokuwa kabla hajaja, nilikuwa nikisema peke yangu ili nisikie sauti ya mtu. Sitaki kurudi huko. Naogopa. Mimi Awat-Aya, niliyekula chumvi nyingi, naogopa nyumba tupu kuliko ninavyoogopa kufa.

Simanu, siku ya nane

Nimemtazama akisuka nywele. Ni ndefu, zinafika kiunoni. Mtumwa hunyolewa.

Simanu, siku ya tisa

Ningeweza kumwonya tu, anyamaze. Nimejaribu. Nikamwambia, "Eribamu akija, funga mdomo." Akajibu, "Naufunga mwaka wa pili sasa, Mama." Na hata akiufunga siku hiyo, ndugu yangu atakuja siku nyingine, na nyingine, nami nitakuwa hapo katikati, kila siku nikiombea msichana asikasirike, na kila siku nikimnyima kinachomfanya akasirike.

Simanu, siku ya kumi na nne

Shayiri ya mwisho imeingia. Eribamu amesema kesho.

Simanu, siku ya kumi na sita

Nimeahirisha kuandika kwa siku moja.

Walikuja mchana, watatu. Eribamu, mpima nafaka mmoja, na jirani yake mwenye shingo nene ambaye sikumjua. Walileta kondoo mzima! Ndugu yangu hajawahi kuniletea hata mkia. Narubtu alipika tangu alfajiri na jasho lilikuwa likimtiririka. Ribatu alikuja bila kualikwa akaketi kwenye kizingiti.

Wakala. Wakanywa pombe, kila mtu na mrija wake kwenye mtungi. Kisha Eribamu akapangusa mdomo na kuanza.

"Narubtu, mchuzi huu umeulowesha kwa machozi? Au yule mpaka lami amekutia mkosi?"

Wageni wakacheka. Narubtu akaendelea kupanga mikate.

"Nasikia anatafuta mke. Mwambieni atafute aliyezaliwa na mtu, asitafute aliyezaliwa sokoni."

Narubtu akaweka mikate chini. Shingo yake ikawa nyekundu. Nikasema, "Eribamu, kula." Hakunisikia, au alijifanya.

"Hata hivyo mambo yamekwisha," akasema. "Nimezungumza na dada yangu. Tangu kesho utakuja kusaga kwangu mchana, na usiku utarudi hapa. Mchana utapumzikia wapi? Kwa punda, ni wapole. Mama yako amekubali."

Uongo mtupu. Narubtu akanigeukia. Siwezi kuyasahau yale macho. Hakumwuliza yeye, aliniuliza mimi. "Ni kweli, Mama?"

Eribamu akadakia, "Kwani akikuuza kwangu utamfanya nini? Sema! Una mdomo, sema!"

Yule mpima nafaka aliacha kutafuna na kuinua kichwa. Hapo nikajua kwamba wanasubiri. Narubtu alipiga hatua moja kuja kwangu, akaninyooshea kidole, akasema, "Wewe..."

Na kweli, kwa muda wa pumzi moja nilitaka amalize. Ningebaki naye.

Nikainuka. Sijui nguvu zilitoka wapi, magoti yangu huhitaji mtu wa kuyavuta. Nikasema kwa sauti ya juu, mpaka njiwa wakaruka juu ya paa: "Wewe si mwanangu!"

Nikachukua kisu cha vitunguu, nikalishika pindo la nguo yake, lile lenye doa la lami, nikalikata kama desturi inavyotaka mtu anapomtenga mtu. Nikarudia, ili asiwepo wa kusema hakusikia: "Narubtu, wewe si mwanangu. Shamashi amesikia na hawa wanaume wamesikia."

Eribamu aliruka mpaka mtungi ukapinduka. "Umerogwa? Dada, unajua umesema nini? Nyumba! Nyumba ya baba!"

"Ni yake," nikasema. "Na vilivyomo. Hata huo mkeka unaoukanyaga, uliza kama unaruhusiwa."

"Nitakwenda kwa mahakimu!"

"Nenda. Mashahidi ni wako, ndugu yangu, na umewalisha vizuri."

Ribatu kwenye kizingiti akapiga kofi la mkono mmoja juu ya paja. "Mimi pia nimesikia," akasema, "na sikuahidiwa sufu!"

Narubtu ndiye aliyekuwa hajaelewa. Alisimama na nguo yake iliyokatwa akinitazama kama mtoto aliyepigwa bila kosa. "Nimekukosea nini, Mama? Nimekukosea nini?" Akakimbilia uani analia. Wahenga husema akufukuzaye hakwambii toka. Mimi nilimwambia, mbele za watu, na mdomo wangu mpaka sasa una uchungu kama nimetafuna majani ya mkomamanga.

Simanu, siku ya kumi na saba

Ribatu alimweleza yote usiku ule, neno kwa neno. Asubuhi Narubtu akaja akasimama mlangoni kwangu. Mlangoni kwake, nilitaka kuandika.

"Mama."

"Usiniite hivyo, utaharibu kazi. Mahakimu hawajapiga muhuri."

Akakaa chini hapo hapo akalaza kichwa kwenye miguu yangu. Jua lilipanda mpaka likatufikia.

Simanu, siku ya ishirini na moja

Wamepiga muhuri. Hakimu mzee alinitazama muda mrefu akauliza kama nimeelewa nilichofanya. Nikasema nimeelewa kuliko yeye. Kibao cha zamani cha kiapo chetu kimevunjwa langoni.

Simanu, siku ya ishirini na tatu

Ameondoka leo. Ipkatu alikuja kumchukua, kijana mfupi, mweusi kwa lami mpaka kwenye kope, aliogopa hata kunisalimu. Narubtu alitaka niende nao. Kwenda wapi? Mwanamke wa ua wa Shamashi haendi kukaa Dilbati na wapaka mashua. Akaita Ribatu na mlinzi wa lango, akasema mbele yao: "Nyumba ni yangu, na huyu bibi atakaa humu mpaka achoke. Eribamu akija, mwonyesheni njia." Alichukua jiwe lake la kusagia na sufuria moja. Vingine kaviacha.

Pindo nimebaki nalo mimi. Hakuliomba.

Simanu, siku ya ishirini na nne

Nimesaga mwenyewe, kwa jiwe langu la zamani. Unga una mawe.

Simanu, siku ya ishirini na tano

Nimejisikia nikisema peke yangu.

Simanu, siku ya mwisho

Nimewamiminia maji mwenyewe. Puzur-Mamu, Shima-Ahati, Kunutu. Nilipofika kwa Kunutu nikanyamaza kidogo, kwa mazoea, nikingoja mtu akosee. Nikifa hakuna atakayeyataja majina haya, wala langu. Niliyajua hayo nilipofungua mdomo siku ile, lakini kujua na kukaa nayo jioni ni mambo mawili.

Duuzu, siku ya tatu

Hakuna la kuandika.

Duuzu, siku ya nne

Mavuno yalikwisha zamani. Sijui kwa nini bado naandika. Kesho nitavitia vibao maji.

Duuzu, siku ya tisa

Sikuvitia maji. Leo mlinzi wa lango ameleta mtu, mvuta mashua, mabega yameota sugu za kamba. Ametoka Dilbati na samaki wakavu wa Narubtu, na chumvi.

"Binti yako mzima," akasema. Nikataka kumsahihisha, nikaacha. Akakaa kivulini nikampa pombe, akaanza kucheka peke yake.

"Cheka kwa sauti," nikamwambia, "tusikie wote."

"Bibi, mkewe Ipkatu katufurahisha kule. Mwezi ulipokufa, wanawake wote walitoka na maji yao kwa ajili ya wafu. Yeye ni mgeni, tukadhani hana wa kumtaja. Kumbe! Akamimina, akasema: Puzur-Mamu, kunywa maji. Shima-Ahati, kunywa maji. Kunutu, kunywa maji."

"Kunutu alimtaja?"

"Bila kukwama. Kisha akamimina tena, mengi, akasema: Awat-Aya, kunywa maji. Mama mkwe wake akapiga kelele, 'We mwana, si ulisema huyo bado yuko hai? Unataka kumwua?' Maana ni mkosi, bibi, kumwita aliye hai pamoja na wafu."

"Ni mkosi mkubwa," nikasema. "Yeye akajibuje?"

"Akasema, 'Najua yuko hai. Najizoeza, nisije nikasahau.'"

Nilicheka mpaka Ribatu akachungulia juu ya ukuta kuuliza kulikoni. Mvuta mashua alipokwenda nikakaa uani, peke yangu, na jua likiwa kali. Nikaona nina kiu. Nikaenda mtungini nikachota, nikanywa, nikachota tena.